Sikio la Kushoto la Wanjira

Wanjira alikuwa na uchovu wa aina ambayo usingizi hauondoi. Kwa miaka kumi na sita aliuza santuri na kanda katika duka la Mzee Chunilal kule River Road. Duka lilipofungwa mwaka wa 2004, Krish, mjukuu wa mzee, alimfuata nyumbani Kinoo na kazi ambayo hakuna jirani aliyeielewa. Krish alikuwa dijei, ila hakutaka tena kucheza wimbo mzima na kuuunganisha na mwingine kama wenzake. Alitaka nyimbo zikatwe vipande: hapa gitaa linapobaki peke yake, pale kiitikio, kule ngoma tupu. Kisha, mbele ya watu, avichanganye kwenye laptopu yake apendavyo, ngoma za wimbo huu chini ya gitaa la ule.

"Mimi nikikata ni kama kwa panga, Mama Debra," alimwambia. "Wewe unazijua hizi nyimbo."

Akakubali. Kila asubuhi binti yake Debra alipokwisha kwenda shule na kuku kupata maji, aliketi mbele ya kompyuta, akavaa hedifoni, akaanza. Nyimbo mpya hazikumsumbua. Zilipigwa na mashine, zimenyooka kama rula. Taabu ilikuwa zile za zamani. Mpiga ngoma wa enzi hizo alikuwa mtu, na mtu akifurahi huharakisha. Gitaa likipamba moto anakimbia. Mwimbaji akirudi, anapoa. Kompyuta haikuielewa furaha hiyo. Ilimbidi Wanjira asikilize pigo baada ya pigo, kila moja aliwekee alama kwenye mchoro wa sauti pale skrini, ili kipande kikikutana na kingine viende pamoja. Wimbo mmoja wa dakika sita ulimla siku mbili. Mgongo ulimuuma, chai ikapoa kikombeni. Baada ya miaka miwili ya hivyo, sikio lake la kushoto likaanza kulia, wiii, kutwa kucha, kama birika linalokaribia kuchemka.

Hakumwambia mtu, hata mumewe Wahome. Aliongeza sauti tu.

Jumamosi moja ya Agosti, 2006, Krish alialikwa kucheza kwenye harusi ya mchana katika bustani moja huko Kilimani, akamwomba Wanjira aje kwa mara ya kwanza aone kazi yake inavyotumika. Alivaa gauni la kanisani, akaketi viti vya nyuma. Mambo yalienda vizuri hadi ulipofika wimbo ambao baba wa bibi harusi alikuwa ameuomba, wimbo wa ujana wake. Krish aliingiza ngoma, halafu akaleta gitaa juu yake. Wazee waliokuwa wameinuka kucheza wakasimama ghafla, mguu hewani, wasijue pa kuukanyaga. Vipande vilikuwa vikivutana kama watu wawili wanaobeba kitanda mlangoni, kila mmoja na upande wake. Wanjira hakuyasikia makosa yale. Aliyaona kwenye miguu ya watu.

Krish alizima, akaomba radhi, akaupiga wimbo wote kutoka kwenye sidii. Baada ya chakula akamfuata na sahani yake mkononi.

"Mama Debra, ule wa baba ya bibi harusi uliukata lini?"

"Jumanne."

"Ulikuwa umechoka?"

"Nimechoka tangu mwaka juzi, Krish. Si hiyo." Akainamisha kichwa. "Sikio la kushoto limekwenda. Linalia tu. Na hili la kulia limeanza."

Krish aliweka sahani chini kwenye nyasi. "Na hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenipa kazi gani?"

Krish aliinama, akaiokota sahani yake. Wanjira alitamani angalau angemdanganya.

Jumatatu walienda kwa daktari wa masikio katikati ya mji. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kutunzwa: asivae tena hedifoni. Lifti ilikuwa imeharibika, wakashuka orofa nne kwa ngazi. Walipofika barabarani Krish akasema, "Basi nifundishe."

"Nini?"

"Kukata. Masikio yangu, kichwa chako."

"Wewe huna subira. Hata babu yako alikuwa anasema."

"Alisema hivyo?"

"Kila siku."

Tangu siku hiyo Krish alikuja Kinoo Jumanne na Alhamisi. Aliacha viatu mlangoni, akaketi mezani na hedifoni zake, na Wanjira kando yake akifuata michoro kwa macho. "Hapo ngoja. Huyu mpiga ngoma sasa anakaribia kukimbia, mwache. Weka alama karibu karibu." Krish alikosea miezi mitatu mizima. Wanjira akagundua kwamba kufundisha kunachosha kuliko kukata. Alirudia jambo moja mara kumi, na jioni nyingine alisinzia kitini Krish akiendelea kubahatisha. Sikio halikumpa likizo. Hata kanisani, watu walipofumba macho na kunyamaza, lenyewe liliendelea.

Mwezi wa Desemba Krish alimaliza wimbo mrefu peke yake. Akamgeukia.

"Nimeweka sawa?"

"Rudia mwisho."

Akarudia, kwa spika ndogo, sauti ya chini. Wanjira aliinama karibu na skrini, akazitazama alama moja moja hadi ya mwisho.

"Hapa umemnyoosha mno," akasema. "Mwache alegee kidogo. Alikuwa anamaliza kazi, amechoka."

Krish akafuta alama tatu, akaanza upya. Wanjira akatoka kuanua nguo. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Limuru.