Kisu cha Kogo

Kasha langu la visu lina nafasi tupu tangu Jumamosi, na kila nikilifungua mkono unaenda palepale. Nilikuwa na visu vya zamani kumi na viwili, nilivyookota na kununua kwa miaka mingi katika masoko ya Sigor na hapa Mulot nilikoolewa. Mume wangu hunitania kwamba mwizi akiingia kwetu atadhani amekosea njia, akaingia buchari. Wacha acheke. Nafasi hiyo ilikuwa ya kisu cha kogo, nyanya yetu, na hicho ndicho kilichonifundisha kupenda visu.

Kilikuwa kisu cha kupogolea chai, kimepinda mbele, bapa lake limeliwa na jiwe la kunolea hadi likawa jembamba, na mpini umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ungekiona ungedhani ni takataka. Kogo alikuwa nacho kabla baba yangu hajazaliwa.

Msimu wa kupogoa tuliamshwa na sauti ya kisu hicho nyuma ya jiko, shwa, shwa, kikinolewa, huku viazi vitamu vikinukia kwenye majivu. Kogo aliinama shambani akikata matawi ya chai, shina baada ya shina, na mimi na kaka tulimfuata tukikusanya vijiti vya kuni, mikono imechubuka, viatu vizito kwa matope. Mchana tulikula ugali wa wimbi na mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye rangi ya majivu, kisha tukakimbizana na mvua ya alasiri, maana hiyo haikukosa. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, na sioni haya kusema hivyo.

Kogo alikuwa mkali kwa jambo moja. Kisu hakikutoka mkono kwa mkono. Ukikitaka, alikiweka chini, nawe ukaokota. Alisema watu wakipeana kisu mkononi wataishia kugombana. Siku moja kaka alijisahau akamnyoshea. Kogo akaficha mikono nyuma ya mgongo, akasimama vivyo hivyo mvua ikimnyeshea, hadi kaka alipokiweka chini. Tulicheka mpaka kogo naye akacheka.

Mwaka nilioolewa aliniita katikati ya mistari ya chai, akakilaza kwenye nyasi.

"Shamba ni la kaka yako," aliniambia. "Hiki ni chako. Okota."

Nilijua ninachonyimwa na ninachopewa. Nilikiokota kwa mikono miwili.

Kogo sasa hayupo. Mwaka huu kaka ameng'oa chai yake yote, akajenga nyumba za wageni kutoka mjini, ambao huja kupiga picha za chai ya majirani. Jumamosi alikuja kwangu, akanywa chai vikombe viwili, akazungukazunguka maneno, kisha akasema.

"Sista, si uko na visu mingi? Nipatie tu hiyo ya kogo niweke kwa ukuta. Wageni wanapenda vitu za zamani."

Nilimwambia achague kingine chochote. Akakataa. Alitoka nje na simu yake, na baada ya dakika chache yangu ikalia. Alikuwa mama.

"Mpatie tu, mama. Si unajua mimi nakaa kwake?"

Mama miguu imemshinda, na anayempikia uji ni mke wa kaka. Nilimchukia kaka kwa kumtuma mama, na nakuambia wewe kwa sababu yeye sikumwambia.

Nilikitoa kwenye kasha. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mkono ameunyosha. Ningeweza kukiweka chini. Nilisimama mbele yake nacho, nikangoja, nikidhani atakumbuka, ataficha mikono nyuma ya mgongo kama kogo, hata kwa mzaha tu. Tungecheka, na pengine ningempa kwa roho safi.

Mkono wake haukusogea.

Nilimpa mkononi. Akakipokea, akasema asante, akakizungushia gazeti.