Kengele Katikati ya Filamu

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini filamu nzuri naijua. Ile ya Ijumaa ilikuwa nzuri, sitadanganya.

Ni hapa Aziziya, Jeddah, nyumba ninayofanyia kazi. Baba mwenye nyumba alikuwa ametoka. Madam na binti zake wawili walifunga mapazia mchana kweupe, wakaniita nikae nao, maana yule mdogo huogopa na mimi ndiye humshika mkono. Hadithi yenyewe fupi: mke na mume wako kwao, wanaume watatu waliofunika nyuso wanataka kuingia. Maneno machache. Unasikia tu kitasa kinazungushwa, mate yanakauka.

Siku hiyo nilikuwa nangoja mgeni. Mjukuu wangu ni nesi Riyadh. Na mimi nilianzia Riyadh, huko Murabba, nikifua nguo za watu mpaka kucha zikalainika, na yeye akasoma. Leo anatembea mji ule ule, ikama yake, kibali cha kukaa, iko kwenye pochi yake mwenyewe. Yangu anakaa nayo kafili, mwajiri wangu. Asiyejivunia mtoto kama huyo ana kasoro. Alikuja kufanya umra, na kabla ya ndege ya kurudi angepita anione. Miaka minne hatujaonana. Madam alikubali: aje baada ya alasiri.

Kengele ililia kabla ya alasiri, pale pale mwizi kwenye filamu alipovunja kioo cha jikoni. Wasichana wakapiga ukelele, kisha wakacheka mpaka bisi zikamwagika. Nikainuka. Madam akanivuta nguo.

"Mafi baba," akasema.

Baba hayupo, mlango haufunguliwi. Ndiyo sheria ya nyumba.

Ningeweza kumwambia huenda ni mjukuu wangu. Sikumwambia. Nilijisemea ni mtu wa maji, saa haijafika. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona kama yule mke atalifikia gari. Kengele ikalia tena, mara mbili, ikanyamaza. Yule mke akalifikia gari.

Simu yangu hukaa jikoni nikiwa na watoto. Filamu ilipoisha nilikuta mjukuu wangu amepiga mara sita. Nilipompigia alikuwa kwenye teksi, karibu na uwanja wa ndege. Safari ilikuwa imebadilishwa, inaondoka mapema, ndiyo maana alikuja mbio.

"Nyanya, mlikuwa wapi?"

"Ndani."

"Mkifanya nini?"

"Tukitazama filamu."

 Nilimsikia dereva akiongea Kiarabu na mtu. Halafu mjukuu wangu akaniuliza polepole, nadhani ndivyo anavyoongea na wagonjwa wake, "Ilikuwa tamu?"

"Tamu," nikamwambia.

Akasema ameniachia mfuko nje ya mlango, una tende, maji ya zamzam na dawa ya magoti. Nikamwambia ahsante, mwanangu. Nikaokota bisi kwenye zulia. Mfuko ulikaa nje mpaka baba aliporudi, karibu na magharibi.