Maganda ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa mtaa hafungui kikao bila chungwa la Muheza mkononi. Hulimenya kwa kisu cha kukunja, taratibu, ganda likishuka utepe mmoja usiokatika hadi gotini, na wajumbe humtazama kana kwamba ndiyo ajenda yenyewe. Akimaliza hulirusha ganda mtaroni kupitia dirisha la nyuma yake, bila kugeuka, wala hajapata kulikosa. Hufuta vidole kwenye pindo la kanzu, ndipo aseme kwa sauti yake nzito ya kufungishia ndoa: "Bismillahi. Nani anachangia?" Kila anayesimama hujibiwa, "Hoja imepokelewa." Bi Mwatumu, ambaye nyumba yake iko bondeni nyuma ya ofisi, hoja yake ya mafuriko inapokelewa kila masika, na godoro lake bado linalala juu ya meza.

Ijumaa iliyopita walikuwa wakijadili gari la taka lisilopita, mvua ikashuka. Mwenyekiti alikuwa kwenye chungwa la tatu, akiwalaani watu wasio na haya wanaoziba mtaro, maji yalipoingia mlangoni. Akapandisha miguu kitini, akaendelea kulaani. Maganda yakaingia yakielea, na moja, refu, likajisokota kwenye mguu wa kiti chake.

"Mwenyekiti," alisema Bi Mwatumu, "wale waziba mtaro unaowasema wamewasili."

Mwenyekiti akainama, akaliokota ganda, akalikung'uta maji kwa adabu, akalirusha dirishani bila kugeuka.

"Hoja imepokelewa," alisema, akaingiza mkono mfukoni kutafuta chungwa jingine.