Bibi Alikataa Kamba

Mwezi uliopita jirani yetu hapa Kibiti alikuja mlangoni mchana kweupe, amemshika bibi mkono. Alikuwa amemkuta jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele usio wake. "Dada, huyu mkweo mtazame," akamwambia mama. "Watu wanasema. Kikongwe haingii nyumba ya mtu bila hodi kama hana lake jambo." Neno lenyewe hakulitaja, ila mimi na wewe tunalijua, na tunajua limewafikisha wapi vikongwe wengine.

Mama alikuwa anakuna nazi. Aliinuka na machicha mikononi, akajibu kwa sauti iliyofika mtaa wa pili: "Huyu anaumwa ugonjwa wa kusahau. Daktari ametueleza. Mwenye neno jingine aje aniambie mimi."

Ukitaka kujua kwa nini mama anamtetea mkwe wake namna ile, twende Salale, kijijini kwetu kwenye mikoko ya Rufiji, nilipokuwa na miaka minane.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti ya mikoko na udongo, na nje palikuwa na majamvi ya kamba walioanikwa, harufu yao inakukaa mpaka kwenye nywele. Msimu wa mpunga kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Tulipanda dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, tukapiga makopo na kupayuka hadi sauti zikauke. Bibi, mama yake baba, alituletea wali wa nazi na kambale wa kukaanga. Ukienda kwake unalia umegombana na mwenzio, alikuwa na jibu moja tu: "Kula kwanza, utalia ukishiba."

Mwaka huo mama alijifungua mdogo wangu wa kiume. Bibi alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, na nyumba ilinukia uzazi. Wiki ya pili mama akabadilika. Halali usingizi, hali chakula, ameukabili ukuta. Mtoto akilia, hageuki. Halafu akaanza kusema mtoto si wake, kwamba wake wamembadilisha. Mchana mmoja nilimkuta kwenye kijito nyuma ya nyumba, maji yamemfika kiunoni na bado anakwenda. Mtoto alikuwa ukingoni, juu ya tope, kwenye kanga. Nilipiga ukelele ule ule wa kufukuza ndege. Bibi akaja mbio, akaingia majini na nguo zake, akamtoa.

Jioni yake ua ulijaa watu. Walisema ni jini. Baba mkubwa alimshauri baba aandike talaka, mama arudishwe kwao. Akaletwa fundi wa uganga na kamba ya katani, akasema mgonjwa afungwe kwenye nguzo siku saba mpaka jini litaje jina lake. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi akanyanyuka, akaichukua ile kamba mikononi mwa fundi, akaitia motoni chini ya sufuria.

"Mkaza mwanangu hafungwi," akasema. "Dada yangu mimi alijifungua akawa hivi hivi. Walimfunga, nami nikanyamaza, akafia kwenye kamba. Leo sinyamazi. Huyu anaumwa, na mgonjwa anapelekwa hospitali."

Ule moshi wa katani ulituwasha macho sote.

Asubuhi maji yalipojaa, bibi alimpakia mama mtumbwini, akanipakatisha mtoto mimi, akashika mwenyewe upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi. Tulikuwa tumeshaacha ukingo baba alipokuja anakimbia, akaingia majini, akapanda, akauchukua ule upondo. Mimi nilichota kwa kopo maji yaliyoingia mtumbwini njia nzima, mkono mmoja, mwingine nimemshikilia mdogo wangu. Kisha tukapanda gari la mizigo mpaka hospitali ya Utete.

Nesi aliyetupokea alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake kizito. Alimsikiliza mama muda mrefu bila kumkatiza, kisha akamgeukia baba. "Mkeo hajarogwa wala hajakosa kitu. Ni ugonjwa unaowapata wazazi waliotoka kujifungua, na una dawa. Asiachwe peke yake na mtoto, na mwacheni alale." Bibi alimshika mama mkono kila aliponyonyesha. Ilichukua wiki nyingi. Siku tuliyojua amerudi, alionja mchuzi aliopikiwa, akakunja uso: "Nani kapika hivi, hajui chumvi?" Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga.

Ugonjwa wa bibi mwenyewe sisi tulichelewa kuutambua, na hili nalisema kwa aibu. Alianza kwa kuuliza jambo moja mara tano. Akamtengea babu chakula, na babu alikwisha kufa zamani. Akapotea njia ya kisimani. Nilimkemea, nikidhani anafanya makusudi. Mama ndiye aliyesema, "Hiki si kiburi, huyu anaumwa," akampeleka kwa daktari. Tuliambiwa hatapona, ila tusibishane naye, tusimbadilishie kitanda wala saa zake, na tumpe kazi nyepesi za mikono. Basi anachambua mchele. Akiniita shangazi, naitika.

Majirani wengine wameacha kutusalimia. Na waache. Bibi anakaa barazani kila asubuhi, ameogeshwa, kanga safi, mbele ya macho ya kila apitaye barabarani. Hatumfichi ndani.

Nyumba ya Salale haipo tena, mto umekula ule ukingo. Yale mashamba yameingia chumvi, na madungu yalianguka zamani. Baba ametangulia. Juzi nilimsimulia bibi safari ile ya Utete, akasikiliza kwa adabu kama anayesikia habari za watu wa mbali, akauliza, "Na yule mzazi alipona?" Mama alikuwa mgonjwa, hakumbuki hata mtumbwi. Mdogo wangu alikuwa kichanga. Nimebaki mimi peke yangu mwenye kuijua siku ile, na sitaisemea pembeni.