Waya na Diski Aliyoifuta

Jina la Waya hakupewa na mama yake. Alipewa na manesi, kwa sababu tangu aajiriwe hospitalini hapo hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Mfukoni waya, begani waya, na siku moja, jamani, waya ulimchomoza kwenye soksi katikati ya mkutano wa wakuu. Alicheka pamoja nao. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma ya kliniki ya sauti, chumba cha baridi kisicho na dirisha, chenye feni inayonguruma kutwa kucha na mashine moja ambayo yeye aliiita ghala.

Na humo ghalani zilikaa sauti za watu. Mgonjwa anayekaribia kuondolewa koromeo kwa ajili ya kansa aliletwa kwanza kwenye kliniki hiyo, akakalishwa mbele ya kipaza sauti, akasomeshwa sentensi mpaka mate yakamkauka. Baadaye, kidonda kikishapona na mtu amebaki bila sauti, sentensi zile ziligeuzwa kuwa sauti ndani ya simu. Anaandika, simu inasema, na inasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ile waliyoizoea nyumbani. Mzigo huo wote uligawanywa kwenye diski nne, kwa namna ambayo moja ikifa, tatu zilizobaki zinaijaza nafasi yake. Zikifa mbili kwa pamoja, kwisha habari.

Mwaka huo aliyekalishwa mbele ya kipaza sauti alikuwa mama yake Waya. Mwalimu mstaafu huyo, akisimama mlangoni na kuita jina la mtoro mmoja, watoto wa darasa la jirani nao walinyamaza. Wanafunzi walimwita Kengele, mbali na masikio yake bila shaka. Alisoma sentensi zake zote, akasahihisha sarufi ya zile alizoona zimeandikwa ovyo, halafu akamwambia mwanawe: "Itunze. Sitaki kuja kuongea kama tangazo la benki." Akaingia chumba cha upasuaji, akatoka na tundu shingoni. Nakala ya akiba ya ghala lile ilikuwa ikichukuliwa mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa haujaisha.

Basi asubuhi moja skrini ikaonyesha kwamba diski namba tatu inaumwa. Haijafa, ila inasoma kwa kusuasua. Kwa Waya hilo halikuwa jambo la kumtoa jasho, alishabadilisha diski nyingi kuliko alivyobadilisha viatu. Akavuta droo yenye stika ya tatu, na hapo ndipo alipoharibu. Mashine ile ilianza kuhesabu na sifuri: sifuri, moja, mbili, tatu. Stika alizibandika Waya mwenyewe miaka ya nyuma, naye alianza na moja kama binadamu yeyote mwenye akili timamu. Diski inayoumwa ilikuwa kwenye droo ya nne. Na alijua! Kila kijana aliyepita mikononi mwake alifundishwa, tena kwa ukali, kwamba usivute kitu kabla hujalinganisha namba ndefu iliyochapwa mgongoni mwa diski na ile iliyo kwenye skrini. Lakini asubuhi hiyo akili yake ilikuwa wodini, kwa mama, aliyeamka na homa.

Angekosea hapo tu angeirudisha diski kwenye droo yake na maisha yangeendelea. Tatizo ni kwamba hospitali hiyo ilikuwa na sheria yake: diski ikishatoka kwenye mashine haiachwi hata dakika ikiwa na siri za wagonjwa. Inachomekwa papo hapo kwenye kifaa cha kufutia, kinachoipitia tangu mwanzo mpaka mwisho na kuijaza sifuri tupu. Mikono ya Waya ilishaizoea kazi hiyo kiasi kwamba haikumsubiri afikirie. Vuta, chomeka, bonyeza. Alipobonyeza tu, mashine ikaanza kulia nyuma ya mgongo wake, na taa za ghala zikawa nyekundu zote.

Alikivuta kifaa kile kutoka kwenye umeme kwa nguvu hadi soketi ikang'oka ukutani na vumbi lake. Kisha akakaa sakafuni, mtu mzima mwenye watoto wake, akilitaja jina la mama yake kwa sauti ya chini kama aliyechanganyikiwa.

Mkuu wa kliniki, daktari wa makamo asiyependa maneno mengi, hakumgombeza. Alitaka kujua kinachowezekana tu. Waya akamweleza kwamba kilichofutwa ni sehemu ya mwanzo ya ile diski, iliyobaki haijaguswa. Akasema hatalazimisha mashine ijitengeneze yenyewe, maana ikianza kuandika juu ya majeraha itamaliza hata kilichopona. Atatoa kwanza nakala ya kila diski, atafanya kazi yake kwenye hizo nakala, na ghala atalifungua kwa kusoma tu, bila kuandika hata herufi moja.

Na kweli alifanya hivyo, pole pole. Diski mbili nzima zilitoa nakala bila matata. Ile aliyoifuta ilikuwa imepoteza utambulisho wake wa mwanzoni, lakini mashine za aina hiyo huacha utambulisho mwingine mkiani, akautumia huo kuzishawishi nakala zitambuane upya. Majina ya mafaili yalipoanza kushuka kwenye skrini, moyo ukamrudi. Akafungua moja, mzee fulani akasikika akisoma kwa kukohoa. Akafungua lingine, likakubali. Sauti nyingi sana zilikuwa hai.

Zilizogoma ni zile zilizokaa katika sehemu iliyofutwa. Hizo haziwezi kusimama mpaka ile diski inayoumwa itoe kipande chake. Na zilikuwa za nani? Siku za nyuma Waya alikuwa ameondoa mafaili ya zamani yaliyokaa mwanzoni mwa diski ili apate nafasi, na mashine ikawaweka hapo wagonjwa wa karibuni kabisa. Walikuwa wawili, mama yake, na mwanamke wa kitanda cha pili katika wodi ile ile, mshonaji wa nguo ambaye naye alishaondolewa koromeo, mwenye binti ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Mshonaji, akishamaliza sentensi zake, aliomba pia amrekodie mtoto hadithi na nyimbo za kulalia. Waya ndiye aliyemrekodi. Alikumbuka walivyorudia wimbo mmoja mara nyingi, kwa sababu mwimbaji alikuwa akishindwa kufika mwisho.

Diski inayoumwa ilisoma kidogo, ikagota tik, tik, ikasimama, ikasoma tena. Daktari aliisikiliza akiwa mlangoni, akauliza kama itavumilia. Waya akasema hajui.

"Basi soma kwa mpangilio, kuanzia mwanzo," daktari akasema. "Usichague mtu."

Kwa mpangilio, mshonaji alitangulia. Daktari akaenda kuona wagonjwa wake. Waya akaikodolea macho ile skrini, akiwa na hofu, na aibu ilishamwingia kabla hajafanya lolote. Halafu akaiagiza diski ianzie kwa mama yake. Alijiambia kwamba akimaliza hapo atarudi kwa mshonaji, kwani ni muda gani huo? Mwongo mkubwa. Mtu wa kazi ile, mwenye sikio lake, alijua fika kwamba diski hiyo haina pumzi za kugawia watu wawili.

Ilisoma ya mama yake yote. Alipoirudisha mwanzo, kwa mshonaji, ikatoa mkwaruzo mrefu wa chuma na ikanyamaza. Aliipumzisha, akaipoza, akaibadilishia waya, akaibembeleza kwa maneno, akaitukana. Haikuzunguka tena. Akamwambia daktari kwamba diski imefia njiani. Hakumwambia alikuwa ameianzisha kwa nani.

Sauti ya mama ilipokuwa tayari, Waya akampelekea simu wodini. Mama alikuwa amekaa kitandani, kanga mabegani, kidonda kimeanza kukauka. Akaandika kwa kidole kimoja, na simu ikasema, kwa sauti ya Kengele mwenyewe, "Umekonda." Waya akalia pale pale mbele ya manesi, kwa furaha, na kwa kitu kingine ambacho hakuwa tayari kukitaja.

Mama akaandika tena. "Na mwenzangu? Yake itakuwa tayari lini?"

Angeweza kumdanganya. Lakini tangu utotoni hakuwahi kufaulu kuidanganya sauti hiyo, na sasa ndiyo hiyo tena, inamuuliza. Akamwambia mama yote: diski aliyoifuta, agizo la daktari, na pale alipochagua kuanzia. Kidole cha mama kilishuka kwenye simu, kikaandika.

"Nenda ukamwambie. Kama ulivyoniambia mimi."

Waya akajitetea kwamba diski ile ingekufa tu, kwamba labda wangekosa zote mbili.

"Nimesema nenda."

Akaenda. Mshonaji alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amempakata binti yake, wanaangalia watu wanaopita. Waya akachuchumaa mbele yao akaeleza bila kuficha kitu, hata lile la kuchagua. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Halafu mdomo ukafunguka, midomo ikaanza kwenda mbio, na kilichosikika ni pumzi tu, ikitoka kwa nguvu shingoni chini ya bandeji.

Mtoto aliitazama midomo ya mama yake, asiambulie kitu, akamgeukia Waya.

"Mjomba, mama anasema nini?"

Mshonaji akarudia, pole pole safari hii, neno moja moja, akimkazia Waya macho. Waya aliyaelewa yote. Akamwambia mtoto kwamba hajui.