Ubavu wa Tairi

Twalibu Omari alikuwa fundi wa matairi Ng'ambo, mjini Tabora, tangu bendera ya mkoloni haijateremshwa. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara. Mbele yake palikaa karai la maji, pampu ya mguu na rundo la matairi yaliyokwisha, ambayo wachonga katambuga, viatu vya mpira wa tairi, walikuja kuyachagua. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, na kazi yake ilipendwa kwa sababu hakuwa na haraka.

Mfanyabiashara Nasor Darwesh alipoleta mjini gari lake la mizigo, Pijo ya Kifaransa, matairi yake yaliwashangaza mafundi wengi. Hayakuwa na mpira wa ndani. Upepo ulikaa ndani ya tairi lenyewe, ukashikwa na ukingo wa rimu tu. Twalibu aliyazoea polepole. Tairi likipungua upepo bila msumari kuonekana, alipaka povu la sabuni kuzunguka rimu akangoja vipovu. Mara nyingi kosa lilikuwa kutu kwenye ukingo, akaisugua kwa msasa mpaka chuma kikawa laini. Msumari ukiingia katikati ya kashata za tairi, pale panapokanyaga barabara, aliuchomoa na kusokomeza tundu kwa utambi wa mpira uliolowa gundi, na gari likaenda zake.

Ubavuni hakugusa. Ubavu wa tairi ni mwembamba, una nyuzi ndani, na kila gurudumu linapozunguka unajikunja na kujikunjua. Nyuzi zikishakatika, hakuna kiraka kinachoweza kukaa pale. Katika ujana wake, alipokuwa kibarua kwenye karakana ya Mgiriki mmoja, aliwahi kuona lori lililopasuka tairi ubavuni njia ya Urambo, na watu waliokuwa juu ya magunia ya tumbaku. Hakupenda kulisimulia jambo hilo.

Mwaka wa Operesheni ya vijiji, Pijo ya Nasor ilipita juu ya kisiki karibu na Sikonge na tairi moja likachanika ubavuni. La akiba lilikuwa limekwisha zamani. Matairi mapya hayakuwepo. Duka la serikali lilikuwa na rafu tupu, na saizi ile ya Kifaransa hata kwa kuazima haikupatikana. Nasor alilileta tairi kibandani, akaomba lizibwe vyovyote. Lile gari ndilo lililokuwa likiilisha nyumba yake tangu duka lake la nguo lilipokufa.

Twalibu alipitisha kidole kwenye jeraha, akaziona nyuzi nyeupe zimesimama kama manyoya.

"Sheikh Nasor, nisamehe," alisema. "Hili nikikuzibia, litaua watu."

Nasor hakubishana. Alilibeba tairi lake akaondoka, na Pijo ikakaa juu ya matofali uwani kwake, kuku wakilala chini yake. Walipokutana msikitini walisalimiana kama kawaida. Lakini Twalibu alijua kwamba Bimdogo, mke wa Nasor, alikuwa ameanza kukaanga maandazi ya kuuza, na kila alipomwona na sinia kichwani alitazama pembeni.

Binti yake Twalibu, Maua, alikuwa ameolewa na Masolwa, mrina asali wa upande wa Ipole. Operesheni ilipofika walihamishwa kutoka shambani kwao, karibu na barabara, wakapelekwa kwenye kijiji kipya ndani ya pori. Nyumba zilipangwa safu kwa safu, lakini kisima kilikuwa hakijachimbwa. Maua alikuwa na mimba ya kwanza. Masika yalipochanganya, dereva wa lori la tumbaku aliyeitwa Damas alisimama kibandani akaleta salamu. Alisema miguu ya Maua imevimba, na uso pia, na kichwa kinamuuma hata hawezi kutazama mwanga. Nesi wa zahanati, Getruda, amesema asizalie kule. Afikishwe hospitali kubwa upesi.

Twalibu alimwomba Damas ambebe atakaporudi. Damas alikataa, tena kwa huzuni. Lori lilikuwa likikwama kila siku, alisema, na mwanamke wa hali ile hawezi kulala juu ya magurudumu yaliyokwama. Basi la njia ile lilikuwa limeacha kwenda tangu mvua zianze. Malori ya serikali yalikuwa kwenye kazi ya kuhamisha watu. Twalibu alizunguka mji mzima akiuliza gari, kisha akauliza tairi, na mwisho akaenda kwa Nasor.

Alimkuta Nasor amekaa barazani.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, fundi. Karibu."

Twalibu alieleza yote akiwa amesimama. Nasor alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Uliniambia tairi lile litaua watu."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa sina jingine."

Nasor aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa gari. Hakumpa Twalibu. Alisema ataendesha mwenyewe, kwani gari analijua, na motoni huwa hamtumi mtu. Twalibu alitamani Nasor amtukane. Ingekuwa rahisi zaidi.

Alilifanyia kazi tairi lile kama hajawahi kufanyia kazi kitu maishani. Alisugua ndani, akapaka gundi tabaka kwa tabaka, akabandika kipande cha tairi kuukuu alichokichonga kingo zake mpaka zikawa nyembamba. Juu yake aliweka ngozi laini ya mbuzi ili pasichubuke. Kisha akaingiza mpira wa ndani wa gari jingine, mdogo kuliko inavyotakiwa, akaujaza upepo kwa kiasi. Alilizamisha tairi kwenye karai. Hakikutoka kipovu hata kimoja. Mkewe Mwamvita, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga begani, alipumua kwa nguvu na kusema Mungu mkubwa. Twalibu hakumwambia kwamba maji ya karai hayaonyeshi kitu kuhusu ubavu. Ubavu unaonyeshwa na safari.

Walikwenda taratibu mno. Twalibu alilifunga tairi lile nyuma, kwa kuwa likipasuka mbele usukani ungemshinda Nasor. Kila walipovuka bonde aliomba wasimame, akashuka, akaweka kiganja ubavuni kupima joto. Wakiwa hawana mzigo, tairi lilivumilia. Walifika Ipole, wakaingia pori, wakafika kijijini. Maua alipomwona baba yake alijaribu kupiga magoti kumwamkia, mwili ukakataa. Uso wake ulikuwa mgeni. Alisema anaona nyota mchana.

Walimtandikia godoro la manyasi nyuma ya gari, chini ya turubai, Masolwa akakaa kichwani kwake na Twalibu miguuni. Nesi Getruda aliwasindikiza mpaka zahanati ya Ipole, akamchoma sindano, akawaambia wasipoteze muda njiani, wakifika Sikonge waombe msaada hapo kwanza. Twalibu alimwangalia Nasor, na Nasor akaangalia barabara. Wakienda pole, Maua angechelewa. Wakienda mbio, tairi lisingefika. Nasor alikaza mwendo kidogo, kisha akaupunguza, kisha akaukaza tena. Twalibu alihesabu harufu: harufu ya matope, ya majani, ya petroli, akingoja ile ya mpira unaoungua.

Ilipokuja, aligonga paa la gari kwa ngumi. Nasor alikuwa ameshaanza kusimama pale tairi lilipofunguka. Halikupiga kishindo kikubwa; lilitoa pumzi ndefu, gari likalala upande, likateleza taratibu mpaka kwenye mfereji wa barabara. Hakuna aliyeumia. Kipande chote cha ubavu kilikuwa kimechanika kuzunguka, na kile kiraka alichokibandika kilikuwa bado kimeshika, kizima kabisa, kikining'inia na mpira uliozunguka jeraha.

Masolwa alikimbia mbele kutafuta watu. Nasor alibaki akijaribu kuinua gari kwa jeki, ingawa hapakuwa na gurudumu la kufunga. Ndipo Maua akakakamaa. Macho yalipinduka, mwili ukaanza kutetemeka, na Twalibu akamshika taya asijing'ate ulimi. Kifafa kilipita, kikarudi, kikapita. Katikati alifungua macho akauliza kama wamefika.

"Karibu tunafika, mama," baba yake alimjibu.

Masolwa alirudi na wanaume wa kijiji cha jirani na kitanda cha kamba. Walimbeba wakipokezana, wakitembea upesi kwenye tope, wengine wakiwa hawajawahi hata kumwona. Twalibu alitembea pembeni ameshika mkono wake. Alijua mkono ulipobadilika, lakini hakusema, kwa kuwa wabebaji walikuwa wamekaza mwendo na alidhani pengine mtoto bado yu hai. Mtoto naye hakuwa hai. Walizikwa Sikonge pamoja, kwa sababu hapakuwa na gari la kuwarudisha Tabora.

Hakuna aliyemlaumu. Masolwa alimshukuru kwa kuja, akaagana naye kwa heshima ya mkwe, baadaye akatoroka kijijini akarudi porini kwenye mizinga yake. Nasor aliliacha gari kwenye mfereji mpaka kiangazi. Alikuja matangani kila siku, akakaa karibu na Twalibu, wala hakutamka neno lolote kuhusu tairi. Twalibu alimngoja alitamke. Alingoja mwaka mzima.

Kibanda alikifungua tena, kwani njaa haina likizo na baiskeli za watu zilikuwa zikimngoja. Magari aliyakataa.

Mwamvita alimuuliza mara moja tu. Walikuwa uwani, yeye akichambua mchele, mvua ikitaka kunyesha.

"Baba Maua, tungemwacha alale kule kule, atulie, asitikiswe na gari. Angepona?"

Twalibu alitaka kumpa jibu, lolote, lile linalomfaa yeye au lile linalomfaa mkewe.

"Sijui," alisema.

Mwamvita alitikisa kichwa kama aliyesikia alichokitarajia. Matone yakaanza kudondoka kwenye ungo. Alibaki ameketi, mikono ndani ya mchele, na Twalibu naye hakuinuka kumwambia aingie ndani.