Ukoo wa Mlima wa Watu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki Kondoa nikaacha shule. Kuanzia hapo sikubebwa na mtu. Kwa hiyo Idi alipoleta posa kwa binti yangu Zuhura, nilikuwa na haki ya kuuliza. Kwao ni watu wa mjini, wazee wao walikuja na misafara. Sisi Warangi tuna milima yetu. Wao hata kaburi la babu hawalijui. Nikasema nitajibu nikirudi kutoka Armenia.

Mimi ni mkulima wa zabibu, na huko nilikwenda kuona mizabibu yao, kwa nauli yangu. Zuhura, anayefanya kazi serikalini Mtumba, akachukua likizo anitafsirie Kiingereza. Treni kutoka Dodoma hadi Dar, kisha ndege mbili. Njiani hakumtaja Idi hata mara moja. Nikajua ana jambo.

Yerevan, mji wao mkuu, alitupokea Aram, mkulima wa zabibu, mzee kama mimi. Alinimiminia divai, nikaomba mtindi, akacheka akaleta jagi zima. Mizabibu yake hulala chini ya theluji. Yangu ingekufa siku ya kwanza.

Siku iliyofuata tulipanda mlimani, kwenye kanisa la kale la mawe. Ukutani wamechongwa ndugu wawili wameshika kanisa dogo mikononi. Aram akasema ni mabwana wa ukoo wa Zakari, walioitawala nchi hii zamani za wafalme. Tena waandishi wa kale wanasema asili yao ni Wakurdi, watu wa kabila jingine, waliokuja kuwatumikia mabwana wa Kiarmenia wakaingia dini yao. Nikauliza kama wenye nchi waliwaoza. Akasema waliwaoza, tena binti za mabwana. Nikamtazama Zuhura kwa jicho la kumwuliza kama anaongeza chumvi.

Mchana tulikula kwa Miro, Mkurdi mfugaji, rafiki wa Aram: jibini, na mkate mwembamba kama shuka. Miro akamchokoza mwenzake. "Hao ndugu wa ukutani, wakishinda vita mnasema ni wenu. Wakishindwa, mnaturudishia sisi." Aram naye akamwambia kondoo wake wana elimu kumshinda.

Nikasema moyoni, kumbe hawa ni watani. Kwetu mtani unamchukulia kitu chake na hasemi neno. Nikanyoosha mkono, nikamvua Miro kofia, nikaivaa.

Zuhura akafunika uso, kisha akawaeleza utani ni nini. Miro akainuka, akanivua barakashia, akaivaa upande upande. Aram alicheka mpaka akamwaga divai.

Ndipo Miro akauliza jambo, na Zuhura akalitafsiri polepole. "Anauliza, kwenu mgeni asiyejua kaburi la babu yake mnamfanyaje?" Akaongeza, "Swali hilo silo langu, baba. Ni la Miro."

Nikatafuna mkate hadi ukaisha.

"Mwambie tunamwoza."

Hakutafsiri. Alikuwa analia na kucheka, wenyewe wakaelewa.

Tumerudi nyumbani Ipagala, Dodoma. Nilichojifunza ni hiki: hata mabwana waliochongwa kwenye mawe walianza wakiwa wageni wa mtu. Leo nina shamba la zabibu Hombolo, nyumba mbili, pikipiki, mbuzi, kofia ya Mkurdi, na mkwe anayeitwa Idi.